Kinu Kisichosaga Unga



Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa jiografia alituonyesha picha ya kinu cha upepo cha Uholanzi, akauliza kina kazi gani. Nikawa wa kwanza kunyoosha mkono: "Kusaga unga!" Mwalimu akatabasamu, kengele ikalia. Jibu nililipata miaka mingi baadaye, nilipofika Kinderdijk, karibu na Rotterdam, ambako vinu 19 vimesimama kandokando ya mifereji.

Vinu vile huinua maji. Upepo huzungusha mapanga manne yaliyotandwa matanga, na magurudumu ya meno ya mti huupeleka mzunguko huo hadi chini, kwenye gurudumu kubwa la makasia. Hilo husukuma maji ya mfereji wa chini hadi mfereji wa juu, kiasi cha mita moja na nusu hivi. Penye kina zaidi vinu vilipangwa kwa ngazi, kimoja kikimpokeza mwenzake. Hivyo ndivyo ziwa la Beemster lilivyokaushwa mwaka 1612, kwa vinu 43, likawa mashamba.

Lakini ardhi ya mboji ikikauka hunywea na kushuka. Watu wa Kinderdijk hapo zamani walifungua milango tu maji ya mto yalipokupwa. Ardhi ilizidi kushuka, mto ukapanda, milango ikashindwa. Ndipo vikajengwa vinu vingi vya pale, mwaka 1738 na 1740.

Mtunza kinu aliishi mumo humo na mkewe na watoto. Upepo ukivuma usiku wa manane baada ya mvua, nani alale? Alitoka kugeuza kichwa cha kinu kielekee upepo, na ukizidi akakunja matanga. Watoto walichungwa sana, maana mapanga yale hupita karibu kugusa majani.

Mashine za mvuke, kisha za dizeli, zilivipokonya kazi. Hata hivyo mafuta yalipoadimika wakati wa Vita Kuu ya Pili, vinu vya Kinderdijk viliitwa tena, vikaitika.

Nilimpelekea mwalimu postikadi: "Si unga, Mwalimu. Ni maji." Akanijibu kwamba Uholanzi viko pia vinu visagavyo unga, kwa hiyo alikuwa amenipa nusu alama tangu siku ile.