Tarehe ya Ugalla: utulivu wa nchi iliyohamwa

Historia ya upinzani dhidi ya ukoloni Tanzania ina sura ya Mkwawa, ina sura ya Isike na ina sura ndefu ya Maji Maji. Ugalla haimo. Bonde la mto huo, unaopita katikati ya miombo na kumwaga maji yake Malagarasi, pamoja na nchi za Wakonongo, Wapimbwe na Wabende zilizo kusini na magharibi yake, ambazo leo tunaziita Mpanda na Katavi, huhesabiwa kuwa nchi iliyotawaliwa bila taabu. Hesabu hiyo ina kasoro. Ugalla ilitulia kwa sababu watu wake waliondoka, kwanza kwa hiari yao na baadaye kwa amri, na kuondoka huko ndiko kulikokuwa siasa yao.

Tuanze kabla ya Wajerumani. Kuanzia mwaka 1871 Mirambo wa Urambo alipigana na Waarabu wa Tabora, akaifunga njia ya moja kwa moja ya kwenda Ujiji. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone mwaka huohuo, alilazimika kuzunguka kusini kupitia Ukonongo. Nchi aliyoipita ilikuwa na vijiji vilivyozungushiwa maboma ya magogo, na kati ya kijiji na kijiji kulikuwa na pori la mwendo wa siku kadhaa. Watemi wa huko walikuwa wadogo na wengi. Utajiri wa mtemi ulikuwa watu wake, kwa maana ardhi haikuwa na mwisho. Aliyewachosha wafuasi wake kwa kodi ya pembe, kwa kesi au kwa vita, aliamka akakuta nyumba zimebaki tupu na watu wamehamia kwa jirani yake. Mpangilio huo haukuandikwa popote, lakini ulimbana mtawala kuliko sheria nyingi zilizoandikwa.

Tukio lililoitangaza nchi hii Ulaya kuwa nchi ya fujo lilitokea Mpimbwe mwezi Juni 1880. Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikuwa ameagiza tembo wanne kutoka India, wakashushwa Msasani mwaka 1879 ili ionekane kama mnyama huyo angeweza kuchukua nafasi ya wapagazi katika njia ya kwenda Karema, kituo ambacho Wabelgiji walikuwa wamekianzisha mwaka huohuo kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Tembo wale walikufa mmoja baada ya mwingine. Kiongozi wa msafara huo wa tembo, Mwingereza Carter, alikuwa akirudi pwani kutoka Karema pamoja na mwenzake Cadenhead walipofikia Mpimbwe. Kijiji kikavamiwa na majeshi ya Mirambo na mshirika wake Simba, na Waingereza wote wawili wakauawa. Mirambo alieleza kwamba hakuamuru wauawe, lakini balozi wa Uingereza Zanzibar, John Kirk, ambaye hadi hapo alimwona kuwa mtu wa kushirikiana naye, akamgeuka. Vita vya Mpimbwe vilikuwa na sababu zake, za njia, pembe na utii wa watemi wadogo kwa wakubwa. Katika barua zilizokwenda Ulaya sababu hizo zilipotea, wakabaki Wazungu wawili waliokufa na makabila yasiyotulia. Tangu hapo kila aliyetaka kuitawala nchi hiyo alikuja kama mleta amani.

Mirambo alifariki Desemba 1884, wakati mkutano wa Berlin ukiendelea. Wajerumani walipofika walikuta dola lake limekwisha kusambaratika, na mwezi Januari 1893 walimmaliza Isike wa Unyanyembe, aliyejilipua kwa baruti ndani ya ngome yake Tabora ili asikamatwe. Baada ya hapo hakukuwa na vita kubwa magharibi. Ugalla ilitawaliwa kutoka boma la Tabora, na nchi za kusini kutoka Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo. Umbali wa maboma hayo mawili unaeleza mengi. Ofisa mwenye askari wachache hakuweza kumfuata kila mtu porini, hivyo alimtumia mtemi, na kodi ya nyumba ya rupia 3 iliyoanza mwaka 1898 ikawa kipimo cha utii. Mtu aliyehama hakulipa. Miombo ya Ugalla ilimruhusu kuishi hivyo, kwa kuwa aliyejua kutundika mizinga ya magome, kukausha samaki wa mtoni na kuwinda aliweza kukaa mbali na barabara kwa msimu mzima, kisha akauza nta kwa wafanyabiashara pale alipohitaji fedha. Ndiyo maana naona ni kosa kuuliza kwa nini Wagalla hawakuingia Maji Maji. Wamatumbi walikuwa na mashamba ya pamba waliyolazimishwa kuyalima, hawakuwa na pa kukwepea. Wa Ugalla walikuwa napo.

Mtu anaweza kupinga kwamba nchi hiyo ilikwisha kumalizwa na rugaruga, yaani wapiganaji, wa Mirambo na Simba, wakoloni wakaokota mabaki. Hoja hii ina nguvu na haifai kupuuzwa, maana vita vya miaka ya 1870 vilichoma vijiji na kuuza watu. Lakini vita vya aina ile viliwakusanya watu ndani ya maboma, na vilipopoa watu wakatoka tena wakalima. Sotoka iliyoua ng'ombe na wanyama wa porini miaka ya 1890, funza waliofuata, kisha vita ya 1914 hadi 1918 ambamo wanaume wa magharibi walibebeshwa mizigo ya Wajerumani na, baada ya Tabora kuanguka Septemba 1916, ya Wabelgiji, vilipunguza watu waliofyeka pori. Pori liliporudi, mbung'o walirudi nalo. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichoweka sheria ya kwamba watu wasirudi.

Sheria ililetwa na Waingereza, na ililetwa kwa nia njema, jambo linalofanya hukumu iwe ngumu. Gavana Donald Cameron alipoanzisha utawala wa kupitia wenyeji kwa sheria ya mwaka 1926, alihitaji watemi wenye mipaka, mahakama na hazina. Watu waliotawanyika porini wakiwa familia tano hapa na nane kule hawakuingia katika mpango huo. Wakati huohuo ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o, ulienea katika Jimbo la Magharibi, na idara ya tiba, chini ya Dkt. George Maclean, ikaamua dawa peke yake haitoshi. Kaya zilihamishwa zikakusanywa katika makazi makubwa kiasi cha kufyeka pori na kulizuia lisirudi. Kwa daktari, kaya ya pembeni ilikuwa hatari ya maambukizi. Kwa bwana shauri ilikuwa kodi isiyokusanyika. Maamuzi yao yalilingana, na hapo ndipo mwanahistoria anapaswa kusimama kidogo.

Atakayesema malale yaliua kweli atakuwa amesema kweli. Malale ya mashariki mwa Afrika, yasipotibiwa, huua mgonjwa kwa miezi tu, na kukusanya watu kuliokoa maisha. Sibishani na hilo. Swali ni kwa nini ardhi iliyoachwa haikurudishwa hatari ilipopungua. Jibu liko katika mlolongo wa miaka. Eneo la Katavi, ambalo Wajerumani walilitenga mwaka 1911, liliendelea kuwa pori la akiba chini ya Waingereza na likawa hifadhi ya taifa mwaka 1974. Pori la akiba la Ugalla lilitangazwa katikati ya miaka ya 1960. Wanyama walikuwa wengi mahali ambapo watu walikuwa wameondolewa, na wingi wao ukawa hoja ya kuwazuia watu wasirudi. Hata reli ya Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940, haikufuata watu bali madini ya risasi ya mgodi wa Uruwira.

Serikali huru ilirithi ramani hiyo pamoja na maelezo yake. Wakimbizi wa Burundi walipokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipelekwa Katumba mwaka uliofuata, na baadaye Mishamo, kwa sababu wilaya ya Mpanda ilionekana kuwa na nafasi kubwa isiyokaliwa. Walifyeka, wakalima mahindi, mihogo na tumbaku, wakaufanya upande ule kuwa ghala la chakula, na wengi wao wakapewa uraia kufikia mwaka 2014. Wafugaji wa Kisukuma nao walishuka na ng'ombe wao, wakagombana na askari wa wanyamapori. Mwaka 2019 pori la akiba la Ugalla likapandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Warina asali, ambao zamani waliruhusiwa kuingia msimu kwa msimu kwa kibali, wakakuta sheria ya hifadhi ya taifa hairuhusu mizinga ndani yake.