Mhogo wa Amani

Amani ni kijiji kilicho juu ya milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga, kiasi cha meta 900 kutoka usawa wa bahari. Mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ilifungua hapo taasisi ya utafiti wa viumbe na kilimo, chini ya Franz Stuhlmann na baadaye Albrecht Zimmermann. Taasisi hiyo ilikusudiwa kuwafaa walowezi na wenye mashamba makubwa: ilipanda na kupima kahawa, mpira, mkwinini na mimea mingine ya biashara iliyoletwa kutoka pembe zote za dunia. Mhogo, chakula cha wenyeji, haukupewa nafasi kubwa katika hesabu hiyo. Lakini kati ya kazi zote zilizofanyika Amani, ya mhogo ndiyo ambayo matunda yake bado yanaliwa kila siku.

Mhogo nao ulikuja kutoka mbali. Kwao ni Amerika ya Kusini. Wareno waliufikisha Afrika Magharibi katika karne ya 16, na katika karne ya 18 ulikuwa umeingia pwani ya mashariki kwa njia ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Wakulima waliupokea kwa sababu walizoziona wenyewe: unavumilia ukame na udongo uliochoka, nzige hawaufikii ulio chini ya ardhi, na unaweza kuachwa shambani miezi mingi mpaka siku ya shida. Haupandwi kwa mbegu, bali kwa pingili zinazokatwa kwenye shina la mhogo wa zamani. Ni njia rahisi, na humo humo ndimo balaa linamopita, maana pingili ya shina gonjwa huota mche mgonjwa. Anayemgawia jirani yake pingili nzuri humgawia pamoja na maradhi, wala hakuna anayejua.

Ugonjwa wa kwanza kujulikana ni batobato. Jani huota likiwa na mabaka ya kijani na njano, hujikunja, husinyaa, na mhogo wenyewe hubaki mwembamba. Mtaalamu wa mimea Otto Warburg aliuandika mwaka 1894, kwa kile kilichoonekana katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, na Zimmermann akauandikia makala mwaka 1906. Hakuna aliyeweza kuonyesha kinachousababisha.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilikatiza utafiti. Amani ikageuzwa kuwa karakana ya jeshi, ikatengeneza kwinini kutokana na magome ya mikwinini yake pamoja na bidhaa nyingine zilizokuwa hazifiki kwa meli. Waingereza waliiteka mwaka 1916, kisha wakaiacha ikae karibu bila kazi kwa muda wa miaka kumi. Baada ya tume iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 kulalamikia uzembe huo, kituo kilifunguliwa upya chini ya William Nowell, safari hii kikihudumia makoloni kadhaa. Mwaka 1928 alifika Harold Storey, mtu ambaye alikuwa ameshautafiti ugonjwa wa milia ya mahindi huko Afrika Kusini.

Jaribio lake moja la Amani linastahili kusimuliwa kwa kituo. Milia ya mahindi huenezwa na Cicadulina mbila, mdudu arukaye mwenye urefu wa milimita tatu hivi. Storey aliona kwamba wadudu wengine wa jamii hiyo hiyo hula jani gonjwa wasieneze kitu. Aliwazalisha kizazi baada ya kizazi, akathibitisha kuwa uwezo wa kueneza hurithiwa. Halafu akatwaa sindano nyembamba na kuwatoboa utumbo wale wasioeneza. Waliosalimika walianza kueneza ugonjwa kama wenzao. Ukuta wa utumbo, basi, ndio uliokuwa ukiizuia virusi isipite kuingia mwilini mwa mdudu. Hilo lilichapishwa mwaka 1933, wakati hapakuwa na mtu aliyewahi kuiona virusi ya mmea kwa jicho.

Katika miaka hiyo hiyo Storey na mwenzake R. F. W. Nichols waligeukia mhogo. Taarifa yao ya 1938 ilionyesha kuwa nzi weupe hueneza batobato, na kwamba huambukiza pale tu wanapofyonza majani machanga. Mwaka 1936 Storey alikuwa pia ameueleza ugonjwa wa pili, uliopatikana kwenye mashamba ya bondeni na ya pwani: michirizi ya kahawia. Huu ni mbaya kwa jinsi unavyojificha. Shamba huweza kuonekana la kijani na lenye nguvu, mhogo ukang'olewa ukiwa mnene na ngozi safi. Kisu kikipita katikati, nyama ya ndani ina madoa ya kahawia, makavu na magumu, yasiyolika wala kufaa kwa makopa. Kazi ya mwaka mzima hujulikana imepotea siku ya kuvuna.

Kati ya aina za mhogo zilizokusanywa na kujaribiwa haikupatikana hata moja isiyopata batobato. Ndipo watafiti wakatazama jamaa za mhogo, hasa Manihot glaziovii, mti wa mpira ulioletwa na Wajerumani kutoka Brazili na kutelekezwa bei ya mpira ilipoanguka kabla ya vita. Watu wa Tanga wanaufahamu vizuri: majani yake hupikwa, nayo ndiyo kisamvu cha mpira.

Kuuvusha na mhogo ilikuwa kazi ya mikono. Katika shada moja la mhogo maua ya kike hutangulia kufunguka, ya kiume yakafuata siku kumi au zaidi baadaye. Mvushaji huchukua chavua kwenye mti mmoja, huipaka kwenye ua la kike la mti mwingine, hulifunika, kisha husubiri tunda lenye mbegu tatu, ambalo likikauka hupasuka na kuzirusha. Machotara wa kwanza walistahimili batobato lakini walirefuka kama miti, na mizizi yao haikuwa chakula. Ikabidi wavushwe tena na mhogo, mara ya pili na ya tatu, na kila mara miche iachwe iambukizwe ili iliyo dhaifu ing'olewe. Taarifa zilizochapishwa zina majina ya Wazungu wachache. Vibarua walioshika maua hayo na kupalilia miche hiyo hawakutajwa, na ni hasara, maana kazi hii isingesogea bila mikono yao.

Mwaka 1948 utafiti wa kilimo ulihamishiwa Muguga, Kenya, na majengo ya Amani yakapewa watafiti wa malaria. Mhogo ulibaki kidogo mikononi mwa D. L. Jennings, ambaye katika miaka ya 1950 alivusha machotara bora wao kwa wao. Mwaka 1957 mradi ulifungwa.

Mbegu zilikuwa zimeshasambaa. Za chotara namba 5318/34 zilipelekwa Nigeria, na katika uzao wake ukachaguliwa mhogo ulioitwa 58308. Kuanzia miaka ya 1970 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo iliyoko Ibadan, nchini humo, iliutumia kama mzazi wa aina nyingi. Batobato kali ilipoifagia Uganda katika miaka ya 1990, ikitokana na virusi mbili zilizochanganya vinasaba, wakulima walipewa aina za ukoo huo kutoka Ibadan, zikiitwa Nase, na mhogo ukarudi mashambani.

Nigeria, hata hivyo, haikuwa na michirizi ya kahawia, kwa hiyo huko uteuzi ulifuata batobato peke yake. Mwaka 2004 michirizi ilipoonekana Uganda, mbali na pwani na juu ya meta 1,000, aina nyingi zilizoshinda batobato ziliathirika vibaya.

Chotara mwingine wa Amani, namba 46106/27, alikuwa ameteremka pwani. Wakulima wa pwani ya Kenya waliuita mhogo wake Kaleso. Kusini mwa Tanzania ulikuwepo mhogo uliosifiwa kwa kutooza ndani, ukiitwa Namikonga. Vipimo vya vinasaba katika karne hii vilionyesha kuwa Kaleso na Namikonga ni mhogo mmoja, uliopokezanwa pingili kwa pingili kwa zaidi ya nusu karne. Watafiti wa Tanzania wameuvusha Namikonga na Albert, mhogo wa kusini unaoshambuliwa sana na michirizi, na kuipima miche yake Naliendele, mkoani Mtwara, ili kujua ni sehemu zipi za vinasaba zinazoukinga Namikonga na michirizi.