Watoto wa Saruji wa Stalingrad

Watoto sita wameshikana mikono, wanacheza ngoma wakimzunguka mamba. Nyuma yao majengo yameungua, madirisha yamebaki matundu matupu, na moshi umetanda. Picha hiyo ilipigwa mwaka 1942 mjini Stalingrad na Emmanuil Yevzerikhin, mpigapicha wa shirika la habari la TASS. Watoto wenyewe ni wa saruji: wavulana watatu na wasichana watatu, sanamu za chemchemi ya kurusha maji iliyojengwa miaka michache tu kabla ya vita, mbele ya stesheni ya reli.

Tarehe 23 Agosti mwaka huo ndege za Ujerumani, chini ya Jenerali Wolfram von Richthofen, ziliushambulia mji, kundi baada ya kundi. Nyumba nyingi zilikuwa za mbao, na moto ukala mitaa mizima. Matangi ya mafuta kando ya Mto Volga yalipopigwa, mafuta yaliingia mtoni huku yanawaka. Raia wengi walikuwa bado hawajahamishwa, wakiwemo watoto wa umri uleule wa sanamu zile, na waliokufa walihesabiwa kwa maelfu. Vita vya mtaa kwa mtaa viliendelea hadi tarehe 2 Februari 1943. Stesheni ile ilitekwa na kukombolewa mara kadhaa.

Chemchemi hiyo imejulikana kwa jina la Barmaley, haramia wa hadithi ya kishairi ya watoto aliyoitoa mwandishi Korney Chukovsky mwaka 1925. Humo watoto wawili wanakaidi wazazi wao na kutorokea Afrika, wanaangukia mikononi mwa haramia huyo mla watoto, kisha mamba anammeza. Kwa hiyo mamba wa pale stesheni ametokea bara letu, ingawa ni Afrika ya kutishia watoto, iliyojaa papa na masokwe.

Kabla ya vita chemchemi hiyo haikuonekana kuwa hazina. Chemchemi zinazofanana nayo zilikuwepo katika miji mingine ya Usovieti. Baada ya vita ilikarabatiwa, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikaondolewa. Kitu kilichosimama imara chini ya mabomu kikashindwa na mipango miji!

Picha, hata hivyo, ilikwisha kusambaa duniani. Mwaka 2001 filamu ya Enemy at the Gates iliijenga upya chemchemi hiyo kwa ajili ya mandhari yake. Mwaka 2013 mji wenyewe, ambao tangu 1961 unaitwa Volgograd, ulisimamisha nakala mbili. Moja ipo uwanja wa stesheni, safi na nzima. Nyingine ipo karibu na magofu ya kinu cha Gerhardt, na hiyo mafundi waliitengeneza ikiwa na majeraha ya vita, kama ilivyo katika picha ya Yevzerikhin.