Upimaji wa nishati ya sarafu za kidijitali

Upimaji wa nishati ya sarafu za kidijitali ni ukadiriaji wa umeme unaotumiwa na mitandao kama Bitcoin, pamoja na hewa ukaa na taka za elektroniki zinazotokana nayo.

Mashine za Bitcoin hushindana kukisia namba usiku na mchana ili kuthibitisha miamala. Mashine moja ya aina ya Antminer S19 Pro huvuta takribani wati 3,250, yaani uniti 78 kwa siku. Kwa kulinganisha, mteja wa daraja la D1 wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, awe Moshi mjini au Marangu, ana kikomo cha wastani wa uniti 75 kwa mwezi mzima.

Hakuna mita moja inayosoma mtandao wote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, walioanzisha faharasa yao ya matumizi ya umeme ya Bitcoin mwaka 2019, huchukua nguvu yote ya ukokotoaji, huilinganisha na ufanisi wa mashine zilizopo, kisha hutoa makadirio ya chini, ya kati na ya juu. Kadirio la kati la mwaka 2023 lilikuwa takribani saa-terawati 120. Kwa kulinganisha, bwawa la Nyumba ya Mungu nchini Tanzania, linalopokea maji ya Kilimanjaro, lina mitambo ya megawati 8. Hata ingezunguka mwaka mzima bila kupumzika, yangehitajika mabwawa ya aina hiyo zaidi ya 1,700 kuzalisha umeme huo.

Athari kwa mazingira hutegemea chanzo cha umeme. Makaa ya mawe huchafua zaidi. Kinyume chake, Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, ilianza mwaka 2020 kuendesha mashine za Bitcoin kwa umeme wa maji wa Luviro.

Mfumo wa uthibitishaji nao una uzito: Ethereum, mtandao mwingine wa sarafu ya kidijitali, ilipobadili mfumo wake Septemba 2022 na kuacha mashindano ya kukisia namba, matumizi yake ya umeme yalishuka kwa zaidi ya asilimia 99.