Taka Nazo Zina Daftari

Miaka michache iliyopita nilialikwa kwenye hafla fupi ufukweni. Ilikuwa ikizinduliwa sanamu ya samaki iliyosukwa kwa nondo na wavu wa waya, nayo tumboni imejazwa chupa za plastiki zilizookotwa na watoto wa shule za jirani. Hotuba zilikuwa nzuri. Mfadhili wa shughuli, kampuni moja ya vinywaji, alipewa nafasi ya kuzungumza baada ya mgeni rasmi, naye akawaasa watoto wasitupe taka ovyo. Nilipomkaribia yule samaki niliona jambo lililonisahaulisha hotuba zote: kila chupa ilikuwa imebanduliwa karatasi yenye jina la kinywaji. Nilimwuliza mwalimu mmoja sababu. Akanijibu kwamba walielekezwa kufanya hivyo ili sanamu ipendeze.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ile niliuona upande wa pili wa methali hiyo: taka bila daftari hukosa mwenyewe. Ninaloandika leo ni historia fupi ya wasanii waliokataa kubandua karatasi, yaani wale waliochukua vitu vilivyotupwa, wakaviunda kuwa sanamu na kazi za kusimikwa hadharani, kisha wakaacha asili ya vitu hivyo isomeke. Sehemu kubwa ya historia hiyo imetendeka katika pwani yetu, katika masoko yetu, na kando ya vikao vya viongozi wetu.

Yafaa tuanze kwa kuondoa dhana moja. Kutumia tena kilichotupwa si uvumbuzi wa wasanii wa leo. Mafundi bati wa miji yetu wamekuwa wakigeuza mapipa kuwa majiko na makopo kuwa koroboi kwa vizazi kadhaa. Tairi lililokwisha likawa katambuga. Waya na vizibo vya soda vikawa magari ya watoto. Uhaba ndio ulikuwa mwalimu, na swali la fundi lilikuwa moja: kitu hiki kitanifaa kwa lipi?

Kilichobadilika ni tabia ya kitu chenyewe. Kopo huliwa na kutu, gunia huoza, lakini plastiki humeguka tu vipande vidogo zaidi na kubaki plastiki. Mwaka 1950 dunia ilizalisha takriban tani milioni 2 za plastiki. Siku hizi ni zaidi ya tani milioni 400 kila mwaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba katika plastiki yote iliyokwisha kugeuka taka hadi mwaka 2015, ni asilimia 9 tu iliyorejelezwa. Hakuna fundi, hata awe hodari namna gani, awezaye kuumaliza mzigo huo kwa nyundo na mkasi. Hapo ndipo msanii alipoingia na swali jingine: kitu hiki kimetoka wapi, na kwa nini kimeishia mlangoni pangu?

Mmoja wa waliouliza mapema ni Romuald Hazoumè, aliyezaliwa Porto-Novo, Benin, mwaka 1962. Malighafi yake ni madumu ya plastiki, yale yanayobebwa kwa pikipiki kusafirisha petroli ya magendo kutoka Nigeria. Wasafirishaji huyapasha moto yakatanuka ili yabebe zaidi ya kipimo chake, na yakichoka hutupwa. Hazoumè huyakata yakawa vinyago: mdomo wa dumu huwa mdomo wa mtu, mkono wake huwa pua. Katika kazi yake iitwayo La Bouche du Roi, aliyoitengeneza kati ya mwaka 1997 na 2005, alipanga vinyago 304 kwa umbo la mchoro wa meli ya watumwa Brookes, uliochapishwa Uingereza mwaka 1788 kuonyesha jinsi binadamu walivyolazwa kama shehena. Jumba la Makumbusho la Uingereza liliinunua mwaka 2007, miaka 200 baada ya Bunge la nchi hiyo kupiga marufuku biashara ya watumwa.

Msanii huyo amewahi kueleza kwamba anairudishia Magharibi kilicho chake. Kwa mwanahistoria, hoja yake ina uzito zaidi ya kejeli. Dumu lililotanuliwa kupita uwezo wake, likatumikishwa, kisha likatupwa, linabeba habari za mafuta, mipaka na kazi hatarishi ambazo hazimo katika takwimu za forodha. Hiyo ni hati, ingawa haijahifadhiwa katika nyaraka za taifa.

Tuje kwetu. Mwaka 2016 lilizaliwa wazo la kuunda jahazi kwa plastiki tupu, na kazi ikafanyika Lamu chini ya fundi Ali Skanda na wenzake. Jahazi hilo, Flipflopi, lina urefu wa mita 9. Liliundwa kwa takriban tani 10 za taka za plastiki, na ubavu wake ukavikwa vipande vya kandambili zipatazo 30,000 zilizookotwa. Plastiki iliyeyushwa, ikamiminwa, kisha mafundi wakaichonga mkuku na mataruma kwa ujuzi uleule wa mbao waliourithi kwa wazee wao. Lilishushwa majini Septemba 2018, na mwanzoni mwa mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, mwendo wa takriban kilomita 500. Mwaka 2021 lilipelekwa Ziwa Victoria.

Hapa mwanahistoria ajihadhari. Ni rahisi kuandika kwamba jahazi lile ndilo lililotuletea marufuku ya mifuko ya plastiki. Tarehe zinakataa. Rwanda ilipiga marufuku mwaka 2008. Marufuku ya Kenya ilianza tarehe 28 Agosti 2017, ikiwa na faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka minne, wakati jahazi bado lilikuwa likiundwa. Tanzania Bara ilifuata tarehe 1 Juni 2019. Sanaa haikutunga sheria hizo. Ilichofanya ni kuonyesha mahali zilipoishia. Mfuko ulipigwa marufuku, lakini ule ubavu wa rangi nyingi ulijaa kandambili, na kandambili haikuwa imeguswa na sheria yoyote. Kila aliyelitazama jahazi alikuwa akitazama orodha ya yale ambayo serikali zetu hazijayafikia.

Mfano ninaoupenda zaidi kuufundisha hauhusu plastiki za kuokota, unahusu nguo. Mwaka 2022, katika maonyesho ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, kundi la wasanii wa Nairobi liitwalo The Nest Collective lilisimika bustanini banda lililojengwa kwa marobota ya mitumba. Ndani yake ilionyeshwa filamu ya mahojiano kuhusu biashara hiyo. Kazi yenyewe iliitwa Return to Sender, maana yake "Rudisha kwa Mtumaji". Waliotoka nyumbani kwenda kutazama sanaa ya Afrika wakakutana na aina ya nguo walizozipeleka kwenye visanduku vya hisani.

Msomaji wa hapa hahitaji kuelezwa robota ni nini, ila labda akumbushwe jinsi linavyouzwa. Mchuuzi hulipa kwanza, hufungua baadaye. Zikitoka nguo safi, amepata. Zikitoka zilizochanika na zenye madoa, hasara ni yake na taka ni ya mji. Kisichouzika huishia kwenye madampo yetu na kwenye mito. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi: aliyetoa amepunguziwa mzigo na amepongezwa kwa ukarimu, na kilichovuja kimeachwa njiani kwetu.

Robota lile la Kassel lina historia ya kisiasa ambayo wanafunzi wengi hawaifahamu. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuondoa hatua kwa hatua uingizaji wa nguo na viatu vilivyotumika, ili viwanda vya ndani vipate kufufuka. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo hizo nchini Marekani kilipeleka malalamiko kwa serikali yao, na nchi zetu zikatishiwa kuondolewa katika mpango wa AGOA uliokuwa ukiruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya ilijitoa katika azimio. Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda haikurudi nyuma, na mwaka 2018 Marekani ikasitisha nafuu hiyo kwa nguo zake. Nchi iliyosema haitaki nguo kuukuu za mwenzake iliadhibiwa kwa kuzikataa. Azimio la marais lilishindikana kwenye meza ya mazungumzo. Miaka minne baadaye kundi la wasanii likalisimika tena, kwa marobota, katika uwanja wa mtumaji.

Mwaka huohuo wa 2022, mjini Nairobi, lilisimamishwa bomba kubwa la maji katika makao ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, Gigiri. Lilibuniwa na Benjamin Von Wong wa Kanada, lina urefu wa takriban mita 9, na kutoka mdomoni mwake ilitiririka plastiki iliyokusanywa Kibera. Ujumbe wake ulikuwa mwepesi: anayekuta nyumba imefurika hufunga bomba kwanza, ndipo atafute dekio. Tarehe 2 Machi 2022 mataifa yaliazimia hapohapo kuandaa mkataba wa kisheria dhidi ya uchafuzi wa plastiki. Mazungumzo ya Busan mwaka 2024 na ya Geneva mwezi Agosti 2025 yalimalizika bila makubaliano, na mgogoro mkubwa ulikuwa huohuo wa bomba: wapo wanaotaka mkataba upunguze uzalishaji, na wapo wanaotaka uishie kwenye usafi na urejelezaji. Hawa wa pili, kwa maoni yangu, ndio wanaobandua karatasi za chupa.

Sitaki msomaji aondoke akidhani kila uchafu wetu umeletwa na meli. Chupa nyingi zilizo katika mifereji yetu zimejazwa katika viwanda vya hapahapa, na mifuko tuliyoipiga marufuku tuliitupa wenyewe. Mitumba nayo imevisha na kulisha kaya nyingi, na atakayeizuia bila kuandaa mbadala atawaumiza wanyonge kabla ya kumgusa mtumaji. Daftari ninalolidai halimbagui mgeni na mwenyeji. Kenya imeanza kuliandika kupitia Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayomtwika mzalishaji wajibu wa bidhaa yake hata baada ya kutumika. Sheria ni jambo moja na utekelezaji ni jingine, lakini angalau jina limeandikwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa ni dogo. Mtakapoombwa kibali cha kusimika sanamu ya taka ufukweni au mbele ya ofisi, ulizeni nani amelipia, na kama majina ya waliozalisha taka hizo yataachwa. Sanamu isiyomtaja mtu ni pambo la mfadhili, na huwafundisha watoto kwamba taka huanza mkononi mwao.

Tangu hafla ile nimebadilisha zoezi la ufukweni ninalowapa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili. Wakiokota kitu, kabla ya kukitia gunia, huandika jina lililochapishwa juu yake, mahali kilipotengenezwa, na tarehe kama ipo. Walipowasilisha orodha ya kwanza, jina lililojirudia kuliko yote lilikuwa la kampuni iliyotuhutubia siku ile mbele ya samaki.