Jinsi PHP ilivyojifunza kukamata makosa ya kuua

Kwa miaka 20 hivi, tovuti iliyoandikwa kwa PHP ilikuwa na tabia ya kufa ghafla. Programu ikiita fanksheni isiyokuwepo, inakatika papo hapo. Mgeni anabaki na ukurasa mweupe au, vibaya zaidi, anaonyeshwa jina la faili na namba ya mstari, habari ambazo mdukuzi anazipokea kwa mikono miwili.

Rasmus Lerdorf, mwanzilishi wa PHP, alipozitoa zana zake hadharani mwaka 1995, zilikuwa za kuendeshea ukurasa wake binafsi tu. PHP 4, mwaka 2000, ilimruhusu mwandishi wa programu kuweka fanksheni yake ya kupokea makosa, lakini makosa ya kuua hayakupitia hapo. PHP 5 ikaleta utaratibu wa kurusha na kukamata makosa, kwa aina iitwayo Exception, mwaka 2004. Injini ya PHP yenyewe haikuufuata.

Wajanja wakapata upenyo. Kulikuwa na register_shutdown_function, inayoendesha msimbo wako programu inapomalizika, hata ikiwa imeuawa. Toleo la 5.2, mwaka 2006, likaongeza njia ya kuuliza kosa la mwisho lilikuwa lipi. Ukiunganisha hivyo viwili unakuwa daktari wa kupasua maiti: sababu unaijua, kuandika ripoti na kumwomba mgeni radhi unaweza, kufufua huwezi. Na ikiwa kilichoua ni kuishiwa kumbukumbu, hata ripoti inaweza kukosa nafasi. Ndiyo maana wengine walihodhi kilobaiti kadhaa tangu mwanzo, wakaziachia dakika ya mwisho. Mbinu ya kimaskini, lakini naipenda.

PHP 7 ilitoka Desemba 2015 na, kwa pendekezo la Nikita Popov, mmoja wa waandishi wa PHP, mengi ya makosa ya kuua yakakamatika. Aina mpya, Error, haikuwekwa chini ya Exception, na kwa makusudi: msimbo wa zamani uliozoea kukamata kila Exception ungeanza kumeza kimyakimya makosa ambayo awali yaliiangusha programu. Kuishiwa kumbukumbu na kupitiliza muda kumebaki vilevile, hakukamatiki.

Mei 2019, WordPress 5.2, mfumo wa kujengea tovuti ulioandikwa kwa PHP, ilianza kumtumia mwenye tovuti barua pepe yenye kiungo cha kuingilia pale programu-jalizi inapoiangusha. Ulinzi huo umejengwa juu ya register_shutdown_function ileile, na haukuwa na budi: toleo hilo lilikubali seva zenye PHP 5.6, ambako Error haikuwepo.