Chokaa ya Mwambao: Kemia Iliyokuwa Mikononi mwa Waashi

Ardhi ya Kongowea, huko Mombasa, sawa na sehemu kubwa ya Nyali na Bamburi, imelala juu ya mwamba wa matumbawe ya kale yaliyoachwa na bahari, na mwamba huo, ambao kwa lugha ya kemia ni kabonati ya kalsiamu, ndio uliowapa mafundi wa Mwambao jiwe la kujengea pamoja na chokaa ya kuliungia. Misikiti ya Kilwa na Gedi, na hata Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga Mombasa mwaka 1593, ilisimamishwa kwa chokaa ya namna hiyo.

Ili kuchoma chokaa hiyo, magogo, mara nyingi ya mikoko au minazi, yalipangwa mviringo, safu juu ya safu, pakaachwa shimo katikati la kutilia moto, kisha vipande vya matumbawe vikalundikwa juu na tanuu likawashwa. Joto lifikapo kama nyuzi 900 za selisiasi, jiwe huiachia hewa ya dioksidi ya kaboni iliyofungika ndani yake, hupoteza takriban asilimia 44 ya uzito wake, na kinachobaki ni oksidi ya kalsiamu, yaani kalsiamu iliyoungana na oksijeni. Oksidi hiyo ikimwagiwa maji hufura, hupasuka na kufuka mvuke, ikageuka hidroksidi ya kalsiamu. Kwa hiyo mafundi waliiendea kwa tahadhari, au waliliacha rundo linyeshewe na mvua kwa miezi kadhaa kabla ya kulitumia. Hidroksidi hii ni besi, yaani kitu kinachoondoa ukali wa asidi na kuigeuza karatasi nyekundu ya litmasi kuwa ya buluu. Walaji wa tambuu wanaifahamu vyema, kwani chokaa ikizidi juu ya jani, ulimi hubabuka.

Wanazuoni wa Ulaya walichelewa kueleza kwa nini jiwe lililochomwa hupata ukali huo. Katika miaka ya 1750, Joseph Black wa Uskoti alithibitisha kwamba ukali wa chokaa hutokana na jiwe kupotewa na hewa, wala si kuingiwa na kitu kutoka motoni kama ilivyodhaniwa. Hata hivyo, Antoine Lavoisier bado aliiweka chokaa katika orodha ya elementi mwaka 1789, hadi Humphry Davy alipotumia umeme mwaka 1808 akaipata kalsiamu yenyewe, na hapo ikabainika kuwa chokaa ni oksidi ya metali.

Kwa kawaida oksidi za metali huzaa besi, ilhali nyingi za oksidi za vitu visivyo metali huzaa asidi, kama dioksidi ya kaboni inavyoyeyuka majini ikawa asidi dhaifu ya kaboniki. Ukuta wa chokaa huzikutanisha pande hizo mbili: lipu mbichi huivuta dioksidi ya kaboni kutoka hewani polepole, kwa miezi na miaka, na besi na asidi zikiungana hutoa maji na chumvi, ambayo ni ile ile kabonati ya kalsiamu iliyotiwa motoni mwanzo. Ndiyo sababu maji ya ndimu, ambayo ni asidi, hutoa povu yakidondoka juu ya lipu kuukuu. Waashi waliokamilisha mzunguko huu karne nyingi kabla ya Black wanastahili kutajwa katika kila darasa la kemia la Pwani.

Mwaka 1954 kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini ya Kongowea, kilianza kuuchoma mwamba wa matumbawe pamoja na udongo kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, na saruji, ambayo hushika upesi, ikachukua nafasi ya chokaa katika ujenzi mwingi. Lakini saruji ikipakwa juu ya ukuta wa matumbawe huzuia unyevu usitoke, chumvi ikajikusanya ndani na jiwe likamomonyoka. Wenye nyumba za kale za Mombasa na Lamu, pamoja na mafundi wao, wazikarabati kwa chokaa.